Mrija Uliochemshwa Mara Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kisu kilichoingia tumboni mwa mtu katika hospitali ile kabla hakijapita mikononi mwa Mvuke, na kwa miaka hiyohiyo ishirini na miwili hakuna aliyemwita kwenye semina hata moja. Semina ya kunawa mikono ilifanyika, yeye hayumo. Semina ya kujikinga na moto ilifanyika, wakaalikwa mpaka madereva, yeye hayumo, ingawa ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyeshinda kutwa kando ya mashine inayofika nyuzi joto mia moja thelathini na nne. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Huyu alikuwapo. Tatizo ni kwamba alikuwapo upande wa pili wa ukuta.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji. Vyombo vilivyotumika viliingia kwa kidirisha cha kushoto vikiwa na damu, vikatoka kwa kidirisha cha kulia vimefungwa kwenye kitambaa cha kijani na kubandikwa utepe ambao mistari yake hugeuka myeusi pale tu mvuke unapokuwa umefanya kazi yake sawasawa. Kati ya vidirisha hivyo viwili kulikuwa na sinki tatu, brashi za kila umbo, meza ya chuma, mashine ya mvuke yenye mlango mzito wa kuzungusha gurudumu, na yeye. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ajira tu. Wengine wote, tangu mabingwa mpaka wafagiaji, walimwita Mvuke, naye aliitika.

Kanuni yake ilikuwa moja, aliyoirithi kwa mzee aliyekuwa na chumba kile kabla yake: kitu chochote kinachoingia ndani ya mtu, sharti kipite mvukeni. Koleo, mkasi, mpira, kitambaa, vyote. Hakujali kama mgonjwa ni mkubwa wa serikali au mbeba zege. Na alikuwa na haki ya kujivuna kidogo, maana katika miaka yote hiyo hakuna kidonda kilichooza watu wakaja kunyooshea kidole kidirisha chake. Hakupata hata ahsante kwa hilo. Lakini kazi ya usafi ndivyo ilivyo, ukifanya vizuri hakuna anayekuona, ukikosea mara moja mji mzima unakujua.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeithamini kazi yake, naye alikuwa dada yake. Dada alimzidi kwa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, Mvuke alikuwa na miaka saba na dada tayari alikuwa na mchumba. Mchumba akasema yeye anaoa mke, haoi mke na mtoto wa watu, na dada akamwambia njia aliyojia anaijua. Akaingia karakana ya magodoro. Alijaza sufi, akashona kwa sindano ndefu, akabeba magodoro kichwani, na mdogo wake akasoma mpaka pale ada ilipokwamia. Miaka thelathini na mitano ya vumbi la sufi ilimwachia dada ustadi, ulimi mkali, na kifua kinachokoroma hata akiwa macho. Siku Mvuke alipomweleza anachokifanya hospitalini, dada alisikiliza mpaka mwisho akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, hao wengine wanakata tu.

Mwaka huo dada akaanza kujikuna. Akasema ni sufi. Macho yakageuka manjano, akasema ni uzee. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyokaa sana jikoni, akasema hanywi maji ya kutosha. Mvuke alipomwona mchana kweupe mlangoni pa karakana hakubishana naye. Alimshika mkono kama dada alivyokuwa akimshika zamani kumpeleka shule, akampeleka kwa Daktari Bingwa.

Daktari Bingwa alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye haraka, aliyerudi mwaka uliotangulia baada ya kusomea kwa miaka minne upasuaji wa ini, kongosho na mirija ya nyongo. Hospitali ilimpokea kwa hotuba tamu, ikamkabidhi vyombo vya enzi za babu yake. Alimpiga dada picha, kisha akamchorea nyuma ya fomu. Hili ini, linatengeneza nyongo. Huu mrija, unaiteremsha nyongo mpaka kwenye utumbo. Hapa chini kabisa mrija wa nyongo unakutana na mrija wa kongosho, na hapohapo, akaweka nukta mbili kwa kalamu, mawe mawili yamekwama. Nyongo haina pa kwenda, inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo rangi ya manjano. Yakiachwa, usaha utapanda mpaka kwenye ini, na kongosho likizibwa nalo linaanza kujiunguza lenyewe. Dada akauliza kama hakuna dawa ya kuyayeyusha. Daktari akasema haya ni ya kutolewa kwa mkono.

Kutolewa kwenyewe kulikuwa kwa namna mbili. Namna ya zamani, na zamani yenyewe ilikuwa mwaka jana, ni kupasua kuanzia chini ya kifua kufuata mbavu mpaka ubavuni, na mgonjwa akakaa wodini majuma akijifunza upya kuvuta pumzi. Namna mpya ni matundu manne ya kiasi cha ncha ya kidole. Kamera inapita tundu moja, vyombo vinapita mengine, na ndani ya mrija wa nyongo unaingizwa mrija mwingine mwembamba, mweusi, laini, wenye jicho mbele. Jicho linaliona jiwe pale lilipo, kikapu kidogo cha waya kinafunguka, kinalinasa, kinalivuta nje. Siku ya tatu mgonjwa yuko kwake.

Daktari wa usingizi naye alikisikiliza kifua cha dada, mbele na nyuma, akachukua muda mrefu kuliko Mvuke alivyopenda. Akasema kwa matundu manne hana wasiwasi. Kwa mkato mkubwa, mgonjwa ataogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, makohozi yatatuama, na kifua kile hakina akiba. Hakutaka kuahidi kitu. Basi mambo yalikuwa wazi: mrija wenye jicho ukifanya kazi, dada anarudi kwenye magodoro yake; usipofanya kazi, dada anaingia kwenye kisu akiwa na nusu ya mapafu.

Mrija huo ulikuwa umefika mwezi ule, pamoja na mgeni wa kuwafundisha watu kuutumia. Ikafanyika semina ya siku tatu katika ukumbi wa mikutano. Alikwenda katibu wa hospitali, akaenda matroni, akaenda Sista wa chumba cha upasuaji, akaenda Bwana Stoo ambaye kazi yake ni kufungia vitu kabatini, wakaenda wengine ambao hawajawahi kuona tumbo wazi maishani mwao. Dereva wa katibu alikaa mstari wa mbele kwa kuwa nje kulikuwa na jua. Mvuke alibaki sinkini, akiosha vikombe vya chuma vya upasuaji, huku harufu ya vitafunio vya semina ikipita koridoni.

Hakunyamaza, na hili ni vizuri lijulikane. Mgeni na Daktari Bingwa walifanya operesheni mbili kwa mrija ule, na mara zote mbili mgeni aliuosha mwenyewe, mlango umefungwa, kisha akaurudisha sandukuni. Mvuke akamwuliza Sista kwa nini chombo hakipiti kwake. Sista akasema mgeni ana mambo yake, akiondoka kitapita. Akaenda kwa Bwana Stoo kuomba kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na sanduku. Bwana Stoo akamwambia kitabu ni mali ya kituo, kikikaa kule kwenye maji kitalowa. Akarudi juma lililofuata, akaambiwa aandike ombi. Akaandika. Mara ya tatu alikuta mlango umefungwa. Bwana Stoo ameenda likizo na ufunguo wa kabati umo mfukoni mwake.

Mgeni aliondoka siku ya Ijumaa. Operesheni ya dada ilipangwa Jumanne saa mbili asubuhi. Wodini dada alikuwa ameshawatangazia wagonjwa wote kwamba yeye ni wa matundu manne, na kwamba vyombo vya hospitali hii anavitakasa mdogo wake, kwa hiyo wakae kwa amani.

Jumatatu adhuhuri mrija uliingia kwa kidirisha cha kushoto, ndani ya trei, na karatasi yenye mwandiko wa Sista: wa kesho asubuhi, wa kwanza. Hakuna jingine lililoandikwa. Sista alijua namna ya kuutakasa, aliandika kwenye daftari lake la semina na kupigia mstari. Ila alidhani kila mtu anajua, maana kila mtu aliyekutana naye kwa siku tatu alikuwa anajua.

Mvuke aliushika, akauona ulivyo laini, na moyo wake ukasita. Alipiga simu chumba cha upasuaji, akaambiwa Sista amevaa glavu, yuko mezani na mgonjwa. Alikwenda mpaka kliniki kumtafuta Daktari Bingwa, akakuta foleni imetoka nje ya mlango, na mlinzi akamwambia hapa kila mtu ana shida yake. Stoo ilikuwa na kufuli. Akarudi chumbani akasimama mbele ya mashine na ule mrija mkononi, akitafuta sababu ya kusubiri, na hakuiona. Mipira mingapi laini imepita mle ikatoka salama? Kuutoa bila mvuke ilikuwa ni kuvunja kanuni yake siku ya kwanza, na kuivunja juu ya dada yake. Akaufunga kwenye kitambaa, akabandika utepe, akaingiza, akazungusha gurudumu.

Mashine ilipomaliza, mistari ya utepe ilikuwa myeusi barabara. Siku nyingine yoyote, kwa mgonjwa mwingine yeyote, angeishia hapo na kugonga kidirisha cha kulia. Lakini alifikiria lile ini, akafikiria usaha alioambiwa hupanda, na akajiambia kwa huyu hakuna ubaya kuzidisha. Bila hata kufungua kitambaa, akaurudisha mara ya pili.

Alipoutoa alisikia harufu ya mpira ulioungua; akafungua kitambaa, na ngozi nyeusi ya mrija ilikuwa imefura malengelenge. Aliupinda kidogo, ukapasuka. Jicho la mbele lilikuwa na ukungu ndani, akalifuta kwa kidole, ukungu haukufutika. Mvuke alikaa kwenye stuli. Alijua papo hapo amefanya nini, hakuhitaji kitabu tena. Kisha akasimama, akaubeba kwa mikono miwili, akapita mlango ambao kwa kawaida hakupita, akampelekea Sista.

Sista alipouona alikaa chini yeye pia. Daktari Bingwa alikuja mbio kutoka kliniki, akaugeuzageuza, akaumulika kwa taa.

"Nani alikuambia uutie mvukeni?" akamwuliza.

"Hakuna aliyeniambia nisiutie."

Daktari akageuka akaiomba orodha ya waliohudhuria semina, akaisoma yote, jina kwa jina, akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliipiga teke ndoo ya maji machafu ikamwagika koridoni, kisha akachukua fagio akayafagia mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alikuwa amesubiri mrija ule kwa mwaka mzima. Mvuke angependa amtukane, ingekuwa afadhali.

Katibu wa hospitali ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Alimwita ofisini akamwambia chombo cha kisasa kimeangamizwa, juhudi za wengi zimerudishwa nyuma, na maelezo yanatakiwa kwa maandishi ndani ya saa ishirini na nne. Akampa na barua, kwamba mpaka hapo asiguse chombo chochote. Mvuke akaeleza habari za kitabu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katibu hakuandika. Akauliza kwa nini kiliingizwa mara mbili, wakati utaratibu ni mara moja. Mvuke akajibu kweli, kwamba mgonjwa ni dada yake. Hapo katibu akafurahi kama mtu aliyepata msumari wa kutundikia koti, akaandika: upendeleo kwa ndugu.

Operesheni ya Jumanne ikaahirishwa, dada akaambiwa tu asubiri. Mrija mwingine ungechukua miezi. Hospitali ya rufaa, ambako hutoa mawe kama yale kwa kupitia mdomoni, ilijibu kwamba mashine yao ina hitilafu na fundi anasubiriwa. Jumanne jioni dada akapata homa, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Daktari Bingwa akasema hakuna kusubiri tena, Alhamisi asubuhi anapasuliwa kwa njia ya zamani. Akataka kwenda kumweleza mgonjwa. Mvuke akamwomba aende yeye.

Alimkuta amekaa, amejifunika mpaka shingoni, manjano ya macho yamekolea.

"Dada, ule mrija umeharibika."

"Umeharibika au umeharibiwa?"

"Nimeuharibu mimi."

Akamsimulia yote, tangu ombi la kitabu mpaka ule ukungu usiofutika. Dada alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na Mvuke akazidi kuogopa. Mwishoni akauliza lile aliloliuliza katibu, kwa nini mara mbili.

"Kwa sababu ni wewe," Mvuke akasema.

Dada akafumba macho. Alikohoa, akapumua, akakohoa tena. Kisha akauliza kama wale waliokwenda kunywa chai ya semina nao wameandikiwa barua. Mvuke akasema hapana.

"Nimekasirika," dada akasema. "Nataka ulijue hilo. Sitakwambia haidhuru, maana inadhuru, na anayepasuliwa ni mimi. Nimewakasirikia wao, na wewe nimekukasirikia. Ungenyamaza na kukataa kugusa mpaka aje mtu, wangekasirika wao."

"Najua, dada."

"Sasa niambie. Vyombo vya keshokutwa anavitakasa nani?"

Mvuke akamwambia wamemhamishia kazi hiyo mtu wa chumba cha kufulia mashuka. Dada akajivutia blanketi vizuri.

"Basi mimi siingii," akasema. "Nenda ukawaambie. Sitoki kitandani hapa mpaka niambiwe ni wewe."

Wote walikuja kumsihi, Sista, matroni, daktari wa usingizi. Dada akawajibu kwa adabu kila mmoja kivyake, kwamba afadhali afe na mawe yake kuliko afe na uchafu wa mtu mwingine. Mwishowe Daktari Bingwa alikwenda kwa katibu. Katibu akasema barua ni barua. Daktari akamwambia sawa, basi yeye katibu avue koti aje ashike brashi, au aandike kwa mkono wake kwamba mgonjwa amekufa kwa ajili ya barua. Ikapatikana ruhusa ya siku moja, kwa maandishi, yenye muhuri.

Mvuke alivitakasa vyombo vile vya zamani, yale makoleo marefu na ndoano pana za kushikilia mbavu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mara moja. Alivipitisha kwa kidirisha cha kulia kabla ya saa mbili, akafunga mlango wa bati, akabaki anasikiliza. Hakusikia maneno, alisikia tu milio ya mashine ya usingizi na chuma kikiwekwa juu ya chuma. Ilipita saa ya kwanza na ya pili. Saa ya tatu kidirisha cha kushoto kikafunguka, vyombo vya awamu ya kwanza vikaingia, vimeloa.

Alikuwa ameosha damu ya maelfu ya watu katika sinki ile. Sasa alisimama mbele ya damu ya dada yake, na mkono haukutaka kwenda. Aliwachukia wote siku ile, kuanzia Bwana Stoo na ufunguo wake mpaka yule dereva wa mstari wa mbele, na yeye mwenyewe alijichukia zaidi. Halafu akafungua bomba la maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu, akachukua brashi, akaosha koleo moja moja mpaka maungio yake yote yakawa meupe. Hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile.

Mawe yalitoka, yote mawili, kubwa lilikuwa kama punje ya hindi. Lakini yule daktari wa usingizi alikuwa amesema kweli. Dada aliogopa kukohoa, makohozi yakatuama, siku ya nne nimonia ikaingia. Alikaa majuma matatu na mpira wa oksijeni puani, na mara mbili waliitwa ndugu waje kuaga, ndugu mwenyewe akiwa Mvuke peke yake. Hakufa. Alitoka siku ya arobaini na mbili, amekonda, ana mshono wa nyuzi thelathini na moja ambao kona yake ya chini ilikataa kufunga. Godoro hakuweza kuliinua tena. Sindano yake ndefu aliwaachia wenzake wa karakana, akawa anashinda kitini mlangoni akiwakosoa wanavyoshona.

Mvuke alipewa onyo la mwisho, akarudishwa kazini, kwa kuwa mtu wa kufulia alikuwa ameunguza kitambaa cha kijani cha juma zima. Kila jioni alipita kwa dada kusafisha ile kona. Hawakuzungumza sana habari zile. Walizungumza habari za sufi mbaya ya siku hizi, za majirani, za jua.

Mwezi wa tano tangu operesheni, mrija mpya ukafika na mgeni yuleyule. Tangazo la semina likabandikwa, na chini yake orodha ya watu kumi na wanne. Mvuke aliisoma juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Safari hii hakwenda kuuliza mtu. Siku ya semina alinawa, akavaa koti lake safi, akaingia ukumbini akasimama ukutani kwenye mlango. Karani wa mahudhurio akamnong'oneza kwamba jina lake halipo. Akajibu kwamba anajua.

Kwa siku mbili walizungumzia malengo. Siku ya tatu, karibu na chakula cha mchana, mgeni aliinua mrija akauliza nani hapa huvitakasa vyombo. Bwana Stoo akanyoosha mkono, akasema idara yake ndiyo inayohusika. Mgeni akamkabidhi brashi nyembamba aonyeshe. Bwana Stoo akaigeuza upande huu na upande ule, akasema utekelezaji huwa chini ya wasaidizi.

"Ni mimi," Mvuke akasema kutoka mlangoni.

Akaitwa mbele. Mgeni akamwonyesha: maji ya uvuguvugu, sabuni maalumu, brashi ipite ndani mpaka itoke safi, mrija ulazwe kwenye dawa kwa muda uliopimwa, usuuzwe kwa maji yaliyotakaswa, upulizwe ukauke, na mvuke usiuguse kabisa. Kisha akamwambia afanye yeye. Mvuke akafanya bila kukosea. Alipoinua macho kwenye saa ya ukutani, somo lote, ukiacha muda wa mrija kulala kwenye dawa, lilikuwa limechukua dakika kumi na moja. Alihesabu tena akidhani amekosea. Ni dakika kumi na moja, na mwaka huo wote hakuna aliyekuwa nazo.

Alasiri vikagawiwa vyeti, vyenye utepe wa bluu na muhuri wa dhahabu. Dereva wa katibu alipata, akapiga picha nacho. Mvuke hakuitwa.

Jioni alipofika, dada alikuwa amesharudi kutoka karakana, amekaa kitandani anamsubiri na beseni la maji. Alijua siku ile kulikuwa na semina. Akauliza cheti kiko wapi, akione. Mvuke akasema hakupewa, jina halikuwemo.

Dada hakulaani mtu. Alilala chali kama alivyolala kila jioni, akapandisha blauzi mpaka mbavuni. Kovu lilianzia chini ya kifua likafuata mbavu mpaka ubavuni, nene, limekunjamana, na kwenye kona ya chini bado palikuwa na unyevu.

"Hiki hapa cheti chako," akasema. "Wenzako wametundika vyao ukutani. Chako natembea nacho mimi."

Mvuke alilia, mbele yake, bila kujificha. Kisha akanawa mikono, akavaa glavu, akaanza kusafisha kidonda.